Naishi na mkunga wa karibu mita moja na nusu, na hapana, hakuna mtu mjamzito kwetu

Mwisho wa 2020 niliweka stetasi kwa WhatsApp: "Mkunga wangu hajala siku ya tisa leo. Naogopa." Hazikupita dakika kumi, shangazi yangu wa Kilifi akapiga simu. Hata salamu hakutoa. "Nani mjamzito hapo kwenu, na huyo mkunga mnamnyima chakula kwa nini?"

Ilinibidi nimwelezee kwamba mkunga ninayemzungumzia ni yule wa baharini. Samaki. Yule mrefu kama nyoka, anayekaa kwenye mashimo ya miamba na mdomo wazi. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia kwa watu wengi tangu siku hiyo: "Yule wa kuuma? Ndani ya nyumba? Wewe chuo kilikuharibu kabla hujakiacha."

Kuhusu chuo, yuko sahihi kwamba nilikiacha. Mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikarudi Kisauni kwa mama nikisema ni kwa muhula mmoja tu. Muhula huo bado unaendelea. Nikiwa natafuta cha kufanya, nilipata kibarua kwenye mkahawa mmoja wa samaki, sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kuosha tangi kubwa la glasi lililokuwa pale mlangoni, wateja wapige picha wakisubiri meza. Ndani kulikuwa na samaki wa rangi rangi na mkunga mmoja, wa kama sentimita 90 hivi, mweupe mwenye madoa meusi yaliyojipanga kama sega la asali. Kitaalamu anaitwa Gymnothorax favagineus. Mimi nilimwita Makanga, kwa sababu kutwa nzima alikuwa ametoa kichwa nje ya paipu, mdomo unafunguka na kufunga, kama anaita abiria wa Mtwapa.

Corona ilipokuja watalii wakaisha, mkahawa ukafungwa, na mimi nikabaki nadai mshahara wa miezi mitatu. Tajiri akaniambia hana pesa, nichukue tangi. Na samaki? "Wale wadogo nimeshauza. Huyo nyoka mpike."

Sikumpika. Na ngoja niseme hili mapema kwa sababu kuna mtu ataniuliza: mkunga analiwa, ndiyo, na hapa Pwani wapo wanaompenda. Lakini mkunga mkubwa wa kwenye matumbawe ni kamari. Kuna sumu inayoitwa siguatera. Inaanzia kwa vijidudu vidogo vinavyoota kwenye mwani, samaki wadogo wanakula ule mwani, wakubwa wanakula wadogo, sumu inazidi kujirundika hadi inafika kwa mla-wote, na mkunga ni mmoja wa hao. Hiyo sumu haiishi kwa kuchemsha, wala kukaanga, wala kuganda kwenye friza.

Basi nikamtia kwenye pipa la plastiki la lita 200, nikafunga kifuniko kwa kamba, nikakodi pikapu. Makanga akahamia Kisauni.

Kwanza ile sura yake

Kila mgeni akiingia sebuleni anarudi nyuma hatua moja. Mdomo wazi, meno kama sindano, macho hayapepesi. Watu wanadhani ana hasira. Hana. Anapumua. Samaki wengi wana vifuniko vya mashavu vinavyosukuma maji kwenye matamvua, yeye hana vile vikubwa, ana kitundu kidogo tu kila upande, kwa hiyo lazima auchape mdomo ndio maji yapite. Ukimwona amefunga mdomo kabisa ndipo ujiulize kuna nini.

Haoni vizuri. Anategemea kunusa. Hana magamba hata moja, amejipaka ute mwili mzima, na ukimgusa ni kama kushika bamia iliyochemshwa. Si nyoka, ingawa majirani wamekataa kabisa kulikubali hilo. Mikunga ni samaki kamili, na wako aina kama 200 duniani. Mkubwa kuliko wote kwa uzito, Gymnothorax javanicus, anaweza kufika mita 3 na kilo 30, na yuko bahari hii hii yetu ya Hindi. Huyu wangu wa madoa naye si mtoto: kumpata wa zaidi ya mita moja na nusu ni jambo la kawaida, na vitabu vinataja hadi 3.

Halafu kuna lile jambo lililonikosesha usingizi nilipolisoma mara ya kwanza. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Rita Mehta na Peter Wainwright, waliandika katika jarida la Nature kwamba mkunga ana taya mbili. Za mbele unaziona. Za pili ziko nyuma kwenye koo, na zina meno yake. Mkunga akishika windo kwa taya za mbele, zile za nyuma zinaruka kutoka kooni hadi mdomoni, zinalidaka, zinalivuta ndani. Samaki wengine wanafyonza chakula pamoja na maji, lakini yeye anaishi ndani ya mashimo membamba ambako hakuna nafasi ya kupanua kichwa ili afyonze. Kwa hiyo akatengenezewa mkono ndani ya koo. Nilimwonyesha mdogo wangu video. Kwa wiki nzima alikuwa anapita sebuleni kwa kukimbia.

Tangi si stendi ya TV

Tangi langu lina urefu wa mita 2, upana na kimo sentimita 70. Piga hesabu: karibu lita 980 likijaa hadi ukingoni. Sijazi hadi huko, naacha kama lita 850. Lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo, kwa hiyo maji peke yake ni zaidi ya kilo 850, bado glasi, bado mawe, bado stendi ya chuma. Mwenye kukaa keja ya orofa ya nne akiniandikia "bro, nataka kama yako," namjibu swali moja tu: wa chini yako ni nani na amekukosea nini?

Mara ya kwanza kulijaza nilisomba mitungi 43 ya lita 20 kutoka ufuoni. Tuktuk ilibeba mitungi kumi kwa safari. Dereva alidhani nafanya biashara ya dawa za kienyeji. Maji unachota bamvua likijaa, mbali na mdomo wa mto na mbali na mabomba ya mahoteli, kwa sababu maji ya karibu na mto yamechanganyika na mvua na mambo mengine ambayo sitaki kuyataja ukiwa unakula.

Lakini kujaza maji si kuwa na tangi. Hapa ndipo wengi wanaua samaki. Samaki anakojoa na kunya ndani ya maji anayovuta pumzi. Ule uchafu unageuka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoila wakatoa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitreti, ambayo ni afadhali kidogo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawanunuliwi Kongowea. Wanaota wenyewe kwenye mawe na kwenye chujio, na kwa kawaida wanataka wiki nne hadi sita. Mimi nilikuwa na bahati moja: niliyahamisha mawe ya zamani ya mkahawani yakiwa bado yamelowa, kwa hiyo nilihama na bakteria wao. Vinginevyo Makanga angekufa wiki ya kwanza na mimi ningeandika makala nyingine.

Na mkunga ni mchafu kuliko samaki wa urembo. Anakula nyama, anakula vipande vikubwa, na akitema anatema sawasawa. Kwa hiyo nina machujio mawili, pampu mbili za kuzungusha maji, na ile mashine ya povu inayokoroga maji na hewa hadi uchafu unapanda juu kama povu la supu, unamwagikia kikombeni. Kila wiki mbili nabadilisha lita 200, yaani mitungi kumi, tuktuk moja. Yule dereva siku hizi ananipigia mwenyewe: "Vipi, mgonjwa wako anaoga lini?"

Kitu ambacho video za Ulaya hazikuambii ni joto. Wenzetu kule wananunua hita. Mimi Mombasa hita nitaifanyia nini? Shida yangu ni kaskazi. Februari na Machi maji ya tangi yanataka kupita nyuzi 30, na maji ya moto hayashiki oksijeni vizuri. Nimefunga feni inayopuliza juu ya maji. Inasaidia, lakini maji yanapungua kila siku na chumvi inabaki, kwa hiyo lazima niongeze maji baridi yasiyo na chumvi. Ya kisima chetu yana chumvi yake, ya bomba yana dawa. Nakinga ya mvua kwenye mabati, na yakiisha nayalaza ya bomba kwenye ndoo na dawa ya kuondoa klorini.

Usiku wa stima

Machi moja, sitasahau, stima ilipotea saa moja jioni. Tulizoea, tukawasha tochi. Saa tatu, hamna. Saa tano, hamna. Pampu zimekufa, chujio limekufa, feni imekufa, na maji yako nyuzi 31. Nilikuwa na kipampu kidogo cha hewa cha betri, kile cha wavuvi wa chambo. Kilitoa mapovu kama ya mtu anayepuliza soda kwa mrija. Makanga alitoka ndani ya paipu yake mzima mzima, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu, akapanda juu kabisa ya maji akiwa anahema.

Nilimtuma mdogo wangu kwa muuza samaki wa barabarani aombe barafu. Tukatia barafu kwenye chupa za soda zilizofungwa, maana barafu tupu ingepunguza chumvi, tukazielesha. Halafu tukashika jagi kila mmoja. Unachota, unainua juu, unamwaga kwa kelele, maji yapate hewa. Unachota, unainua, unamwaga. Zamu ya nusu saa nusu saa. Saa nane usiku mama akaamka, akatuangalia wanawe wawili wakimwagia samaki maji gizani, akavuta kiti. Nikajua matusi yanakuja. Akasema, "Leta hilo jagi, mkono wako unatetemeka."

Stima ilirudi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja nzima. Makanga akarudi kwenye paipu yake bila hata asante.

Leso ya mama

Kama kuna neno moja tu utalichukua hapa, basi ni kifuniko. Mkunga ni mtoro. Popote kichwa kinapopita mwili unafuata, na kichwa kinapita pembamba usivyoamini. Nilikuwa na kifuniko cha glasi na nafasi ndogo pembeni ya kupitisha bomba la pampu. Nilidhani ni ndogo.

Alfajiri moja, adhana ndiyo kwanza inaanza, mama akapiga ukelele. Makanga alikuwa sakafuni, nyuma ya pipa la maji ya kunywa, amejaa vumbi kama mandazi kwenye unga. Sikuwa na wavu. Nilivuta kitambaa cha kwanza nilichokiona kwenye kamba, nikakilowesha, nikamfunga nacho, nikamrudisha. Alikuwa hai. Ute wake unamwezesha kuvumilia nje ya maji kwa muda kuliko samaki wengi. Mwaka 2021 yule yule Mehta, pamoja na mwenzake Kyle Donohoe, walichapisha utafiti kuhusu mikunga wadogo wa theluji waliofunzwa kupanda ubao mkavu, kuchukua ngisi na kummeza hapo hapo nje ya maji, bila kurudi kuvuta maji ya kusukumia chakula. Zile taya za kooni ndizo zinafanya kazi hiyo. Kwa hiyo mkunga akitoka nje hajapotea njia.

Kitambaa nilichotumia kilikuwa leso mpya ya mama, ya jozi, bado haijakatwa. Ule ute hautoki. Nimenunua jozi nyingine na bado natajiwa ile.

Sasa kifuniko kimefungwa kwa klipu za chuma na juu yake nimeweka matofali mawili. Pale bomba linapopita nimejaza sponji.

Kidole changu

Nina alama saba za nyuzi kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nawaonyesha watu kama askari anavyoonyesha kovu la vita, ila ukweli wenyewe ni aibu.

Mkunga hatakiwi kulishwa kwa mkono. Hilo nililijua tangu mkahawani. Unatumia koleo ndefu, unamsogezea kipande cha ngisi, pweza au samaki, mara mbili au tatu kwa wiki basi. Kila siku ni kumnenepesha afe kwa mafuta. Wala usimpe wale samaki wa dhahabu wa maji baridi, wana kitu ndani yao kinachoharibu vitamini B1, na akila hao tu miaka itamfikia ghafla. Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini video zangu za TikTok za koleo zilikuwa zinapata watazamaji mia mbili, na jamaa mmoja Ufilipino anayelisha kwa mkono anapata laki. Unaona vile shetani hupiga hesabu.

Siku hiyo nilishika ngisi kwa vidole viwili. Makanga alinusa, akaja polepole, akamkosa ngisi kwa sentimita moja. Nilishasema haoni vizuri. Meno yake yamepinda kuelekea ndani, kwa hiyo ukivuta, unajichana mwenyewe. Na mimi nilivuta. Nani havuti?

Hospitalini, nesi aliuliza nimeumwa na nini. "Mkunga." Akaniangalia. "Alikuuma ukifanya nini?" Nilipofafanua, akaosha kidonda kwa muda mrefu sana, maana kuumwa na mkunga ni uchafu mtupu hata kama hakuna sumu kama ya nyoka, akanidunga ya pepopunda, nikapewa dawa za siku saba. Gharama 4,500. Video nilikuwa nimeirekodi na sikuiweka, kwa sababu sauti ninayotoa mle ndani si ya mwanamume wa Kisauni.

Nilipona. Kuna mpiga mbizi mmoja Mwingereza, huko visiwa vya Similan, Thailand, ambaye mwaka 2005 alipoteza dole gumba lote. Alikuwa akimlisha soseji mkunga mkubwa baharini, mkunga aliyezoea kulishwa na wapiga mbizi. Madaktari baadaye walimtengenezea dole gumba kwa kuchukua kidole cha mguu wake. Kisa hiki nakitaja si kwa kutisha watu. Kitarudi hapo chini.

Wazee wa Roma walitutangulia

Usidhani huu wazimu umeanza na TikTok. Matajiri wa Roma ya kale walifuga mikunga kwenye mabwawa ya maji ya bahari kandokando ya majumba yao. Waandishi wao wanasimulia kuwa mmoja wao, Crassus, alimlilia mkunga wake alipokufa, na mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa, Antonia, alimvisha wake hereni. Mwingine, Vedius Pollio, alikuwa katili: mtumwa wake alivunja chombo cha kioo, akaamuru atupwe kwenye bwawa la mikunga. Mfalme Augusto alikuwa mgeni siku hiyo. Akamwokoa yule mtumwa, akaamuru vyombo vyote vya kioo vya Pollio vivunjwe na bwawa lifukiwe.

Huku kwetu sifa ya mkunga imeharibiwa na dema. Mvuvi anavuta mtego wake asubuhi akitarajia tafi na changu, anakuta mkunga mmoja mnene amelala na tumbo limejaa. Na mtegoni ndimo anamouma watu. Mzee mmoja wa pwani ya Mtwapa aliniambia yeye akimwona kwenye dema hamwongeleshi, anatafuta rungu. Nilimwambia kwamba Bahari ya Shamu mwaka 2006 watafiti walionyesha chewa wakienda kwenye shimo la mkunga, wakitikisa kichwa kumwita, halafu wanaondoka wote kuwinda. Chewa anakimbiza huku nje, mkunga anaingia mashimoni, samaki hana pa kukimbilia. Mzee akafikiri. "Kumbe wanajuana," akasema. "Basi wote wezi."

Elfu sitini

Sasa nifikie kilichonifanya niandike. Mwaka huu Makanga amefika mita moja na sentimita 40. Mtu mmoja wa Nairobi aliona picha zake, akanitafuta. Ana sehemu ya burudani, anataka mkunga nyuma ya kaunta, taa za bluu, muziki. Ofa: 60,000. Karo ninayodaiwa chuoni ni 58,000. Hesabu hiyo hata haitaki kalamu.

Nilimuuliza tangi lake lina ukubwa gani. "Kubwa sana, mita moja na nusu." Nikamuuliza lita. Lita 300. Kifuniko? "Litakuwa wazi, watu waone." Maji ya bahari utapata wapi? "Si tunaweka chumvi?" Kuna chumvi maalumu ya matangi, ndiyo, ila huyu nilisikia kwa sauti yake kwamba anafikiria ile ya ugali, na hata ugali wetu hautiwi chumvi.

Nilikataa. Nikamwambia mama nikitegemea pongezi. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Umemkatalia kwa sababu tangi lake ni dogo."

"Ndiyo, mama."

"Na lako ni bahari?"

Usiku huo nilikaa mbele ya tangi nikamwangalia akigeuka. Mita moja na sentimita 40 ndani ya upana wa sentimita 70. Akifika mwisho wa glasi anajikunja kama hosi, ubavu unagusa huku, mkia unagusa kule. Mikunga wanaweza kuishi miaka mingi, wengine zaidi ya 20. Na huyu hajamaliza kurefuka.

Wengi wananiambia, si umrudishe baharini, bahari ipo hapo, kilomita ngapi? Nimelifikiria hilo kuliko wanavyodhani. Kwanza, amekaa tangi moja na samaki kutoka sijui wapi, na magonjwa ya tangi hutaki kuyapeleka kwenye matumbawe. Pili, sijui alivuliwa wapi. Hifadhi za bahari kama Watamu na Kisite huruhusiwi kutoa kitu, na kuingiza kitu kienyeji nako si utani. Tatu ni yule Mwingereza na soseji zake. Makanga anajua kwamba mtu maana yake ngisi. Nikimwachia Nyali, mtu wa kwanza kupita na miwani ya kuogelea atafuatwa, na atafuatwa na mita moja na nusu ya meno. Akimuuma mtoto wa watu, watamtafuta kwa rungu kila shimo, yeye na wenzake wasiohusika.

Kwa mwenye kutaka kuanza, basi tafadhali usianze na wa madoa. Yupo yule mdogo wa theluji, Echidna nebulosa, yuko pwani hii hii, wengi wanaishia sentimita 60 hadi 75, meno yake ni butu kwa sababu anavunja kaa. Tangi la lita 300 linamtosha akiwa na kifuniko cha kweli. Nunua kwa mwenye leseni, kwa sababu Kenya kuvua samaki wa mapambo ni biashara ya leseni, na karibu mikunga wote wanaouzwa wametolewa baharini, hawazalishwi kwenye matangi. Usimtibu kwa dawa yenye shaba, ngozi isiyo na magamba haiivumilii. Asipokula wiki ya kwanza, hata ya pili, usilie kwenye stetasi kama mimi. Makanga alikula siku ya kumi na nne, pweza, kipande kimoja, akarudi kulala.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kidogo, pale zamani palikuwa na banda la kuku. Nimechimba, na mdogo wangu, mashimo yote kwa koleo la kuazima. Mita 4 kwa 2, kina mita moja. Lita 8,000 likijaa. Nimenunua simiti mfuko mmoja mmoja kila nikilipwa kazi ya kuosha matangi ya watu, sasa iko 11. Fundi ni rafiki wa marehemu baba, ananidai kidogo na ananikumbusha kwa upole. Karo bado 58,000.

Jumamosi tunapiga lipu. Baada ya hapo bwawa lijazwe maji, yamwagwe, lijazwe tena, yamwagwe, wiki baada ya wiki mpaka simiti iache kuchachua maji, halafu lipakwe rangi ya kuziba, halafu bakteria. Kabla ya Desemba sidhani. Paa la wavu limeshapimwa, na mama amesema leso zake zote zitakaa chumbani kwake kwa ufunguo.

Jirani wa nyuma alichungulia juu ya ukuta jana, akaona shimo, akauliza la nini. Mama akamjibu, "La mkunga." Leo asubuhi shangazi amepiga simu kutoka Kilifi. Amesikia tunajenga hospitali ya uzazi, na anataka kujua kama kuna nafasi ya kazi kwa binti yake.